Shuka Jeupe Chini ya Michungwa

Afande Okello, rafiki yangu,

Misimu miwili ya mvua imepita tangu tulipokuzika, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Nisamehe. Niliwaadhibu wanafunzi kwa kuchelewesha kazi, kwa hiyo sina udhuru. Kila niliposhika kalamu nilikiona kiti chako pale uani kwako Kisugu, nikaiweka chini.

Leo ninaandika kwa sababu ya michungwa yako mitatu. Mkeo, Mama Achan, amechoka kuokota machungwa yaliyooza kabla ya kuiva. Alisema kwamba msimu huu akikuta viwavi tena, miti itakatwa na mahali pake pajengwe chumba. Sikuweza kumlaumu. Lakini ni miti uliyoileta ikiwa miche, ukaipakata ndani ya lori kutoka Gulu.

Binti yenu Achan, anayesoma kilimo Chuo Kikuu cha Kyambogo, aliomba apewe msimu mmoja tu. Alileta dawa ya namna nyingine. Haimwui kiwavi papo hapo, humzuia kukua. Kiwavi hana budi kujivua ngozi kila anapokua, na dawa hii humharibia ngozi mpya. Mayai mengi nayo hayaanguliwi. Hupulizwa mapema, kabla kiwavi hajatoboa chungwa na kujificha ndani.

Unaikumbuka desturi yako. Ulipopuliza sumu jioni, ulitandika shuka jeupe chini ya mti, na baada ya adhana ya alfajiri kutoka msikiti wa Kibuli ulikwenda kukagua maiti kama gwaride. "Dawa ni ile inayoua leo, Mwalimu," ulisema. Achan alipopuliza yake, nami nikatandika shuka lilo hilo. Asubuhi, hapakuwa na kitu. Siku ya pili, hapakuwa na kitu. Na juu ya chungwa changa kiwavi mwembamba kama uzi alikuwa akitembea bila wasiwasi. Nilikwenda stoo nikachukua chupa yako ya zamani ya sumu. Achan alinikuta nikihangaika na kifuniko.

"Mwalimu," akasema, "miaka yote ulitufundisha subira. Siku mbili tu zimekushinda?"

Niliirudisha chupa. Nilikasirika, lakini niliirudisha.

Siku ya sita alinipa kioo cha kukuzia. Kiwavi alikuwa amekwama, nusu ndani ya ngozi kuukuu, nusu nje, amekufa. Kisha nikawakumbuka maiti wa gwaride lako, Afande. Wengi walikuwa nyuki na buibui. Viwavi wenyewe walikuwa ndani ya machungwa, wakila. Hatukujua, wewe na mimi. Laiti ungalikuwapo, tungalibishana mpaka chai ipoe.

Sasa nyuki wamerudi. Sikufichi: machungwa machache yameanguka, na katika moja nilimkuta kiwavi. Lakini mengine yanaivia mtini, jambo ambalo hatukuliona kwa muda mrefu. Jana nilichuma moja, nikalipasua. Lilikuwa safi mpaka kwenye kokwa. Nililila nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukikalia tangu uondoke.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Achan atapasua machungwa kumi mbele ya watoto, kisha ataamua. Shuka lako amelifua kwa mkono wake. Machungwa yatapangwa juu yake.

Pumzika, rafiki yangu. Akishaamua, nitakuandikia siku iyo hiyo, miti ibaki au ikatwe. Safari hii sitachelewa.

Mwalimu wako