Chuma cha Mguu Wangu

Eldoret, Agosti 1986

Kaka Thuo,

Mama ameacha kukohoa, na anauliza kama huko Uingereza wanakokufundisha kutengeneza miguu ya bandia kuna ugali.

Chuma cha mguu ulichonitengenezea kilinikaa sawasawa. Jumapili niliingia kanisani bila magongo, nikapita mbele makusudi, wanione.

Jumanne wakaja watu wawili wa serikali. Walitaka kujua ulisema nini kwenye mkutano wa wanafunzi huko. Mmoja alinivua kile chuma, akakigongagonga, akasema wewe, kaka, ndiwe utakayekuja kukichukua ofisini kwao. Sikulia mbele yao.

Barua hii nimempa nesi wa misheni anayerudi kwao Uingereza. Usijibu kwa posta.

Magongo nimeyazoea tangu utotoni, kaka. Usije.

Dada yako,
Nyakio