Shukrani Kutoka Chennai

Chennai, 11 Mei 2024

Mpenzi Baba Tekla,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. U mzima? Na mama, magoti bado yanamsumbua? Sisi tulifika salama India na Tekla ameanza dawa. Daktari anasema kwa miaka yake saba ni mwembamba mno, lakini watajaribu. Wodini hawaruhusu kupiga simu, ndiyo maana nakuandikia akilala, kisha nakutumia picha ya barua kwa simu.

Nimejiwekea utaratibu: kila siku nitafute kitu cha kushukuru, hata kidogo, nisije nikarukwa na akili. Leo ni maji ya barafu. Kuna mama mmoja Msudani, Salwa, mwanawe naye ana saratani ya damu kama ya Tekla. Lugha hatuelewani. Alinikuta kwenye ngazi natokwa jasho, akanipa kikombe, akakaa pembeni yangu basi. Jana ilikuwa chapati. Za huku ni nyembamba, hazina mafuta. Tekla alikula moja nzima, akasema za bibi ni tamu zaidi. Mwambie mama.

Mkeo,
Mama Tekla


Ngaramtoni, 19 Mei 2024

Mama Tekla, mke wangu,

Hapa tupo, tunapumua. Mvua na ukungu, mlima hatujauona wiki nzima. Magoti ya mama yana nafuu. Nilimsomea habari ya chapati akacheka, kisha akaingia jikoni akakaa humo muda mrefu bila kupika chochote.

Upepo umeangusha migomba ya upande wa chini. Kahawa haijambo. Mzee Hans wa usharika ananiuliza kila Jumapili, namwambia mtoto anaendelea vizuri. Ni kweli? Daktari anasemaje? Usinifiche.

Mumeo,
Baba Tekla


Chennai, 23 Juni 2024

Baba Tekla,

Hamjambo huko? Samahani kwa kimya. Tumehamishiwa chumba chenye dirisha. Nje kuna mti wa maua mekundu, na asubuhi muuza maziwa hupita na baiskeli akipiga kengele. Salwa amenifundisha kupika dengu za huku. Nilipoonja nikakumbuka loshoro ya mama, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, sijui kwa nini, maana havifanani hata kidogo. Juzi mvua ilinyesha na joto likapungua. Nashukuru kwa hayo yote.

Wasalimie majirani.

Mkeo,
Mama Tekla


Ngaramtoni, 25 Juni 2024

Mama Tekla,

Sisi wazima. Nilimsomea mama barua yako. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo, nikidhani nimeruka mahali. Ina dirisha, ina muuza maziwa, ina dengu. Haina Tekla. Mama akaniuliza, "Sasa mtoto yuko wapi humo?"

Nimechoka na maua yako. Kama wewe una nguvu ya kushukuru, shukuru. Mimi kanisani siendi tena, maana nikisimama kuimba sauti haitoki. Niambie mwanangu ana hali gani.

Prosper


Chennai, 9 Julai 2024

Baba Tekla,

Sijui nikusalimuje. Umesaini Prosper, kama mtu wa ofisini. Sikulaumu.

Dawa zimekataa. Daktari aliniita mapema mwezi uliopita. Mkalimani akawa anatafsiri huku anaangalia viatu vyake. "Mama, wanasema sasa ni kumpunguzia maumivu tu." Nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Niliporudi chumbani Tekla akauliza, "Mama, tunaenda nyumbani?" Nikasema ndiyo.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Kila nikianza, mkono unaandika dirisha. Usidhani nimekuzidi imani. Nilikuwa natafuta tu pa kushika.

Nimewaomba tumrudishe. Wamekataa, wanasema damu yake haigandi, hataimaliza safari.

Mama Tekla


Ngaramtoni, 10 Julai 2024

Mke wangu,

Nilisoma nikiwa shambani. Nikakaa chini palepale kwenye majani ya migomba, sikuinuka mpaka mama alipokuja kunitafuta. Aliniangalia, akajua.

Nimeenda Uhamiaji mjini kuomba pasipoti nije. Wanasema nisubiri. Nimewaambia mwanangu hawezi kusubiri, yule dada wa kaunta akainamisha kichwa, akasema, "Pole, kaka."

Usimwache peke yake. Mwimbie. Na wewe ule, tafadhali. Ukiona chochote cha kushukuru huko, shukuru, sitakusema tena.

Mumeo,
Baba Tekla


Chennai, 4 Agosti 2024

Baba Tekla,

Pole, mume wangu. Mpe pole na mama. Jana kwenye simu wote wawili tulishindwa kusema, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa asubuhi. Aliomba maji, akanywa kidogo. Nilijilaza pembeni yake, akasema, "Mama, unanilalia mkono." Nikasogea. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Nimetafuta jingine zuri zaidi la kukuletea, sina.

Salwa alinisaidia kumwogesha. Mwanawe alikuwa kitanda cha pili anatuangalia, tukavuta pazia. Nywele za Tekla zilikuwa zimekwisha, Salwa akavua kilemba chake mwenyewe, cha kijani, akamfunga.

Najua hutaniuliza kama bado nashukuru. Nashukuru kwamba hakuwa peke yake. Zaidi ya hapo nimeishiwa.

Mwambie mzee Hans kaburi liwe upande wa juu wa shamba, kusikotuama maji. Mama asisimame sana siku hiyo, atafutiwe kiti.

Tunafika uwanja wa ndege wa KIA Alhamisi mchana. Tunakuja na ndege moja. Mimi nitatokea mlango wa abiria, yeye watamtolea upande wa mizigo. Usinisubiri mimi. Nenda kwake kwanza, asifike akakosa mtu wa kumpokea. Nitawakuta huko.

Mkeo,
Mama Tekla