Gauni la Pichani

12 Februari

Mwanangu Chiriku,

Umeamkaje huko, na unakula? Mimi mzima, ni goti tu linalonikumbusha umri. Nakuandikia kwa karatasi maana kwenye simu unanikatiza.

Jirani yangu muuza vitambaa nimemwambia yote. "Wako anauza chaja, wangu anaketi na wabunge! Chama kizima cha wenye viwanda kinamtegemea. Mbunge akisimama kuuliza swali, ujue kaandikiwa na binti yangu." Alinuna mpaka jioni.

Ile picha uliyonipiga kwenye cherehani, nimevaa gauni la maua, niletee niitundike kibandani.

Mama yako

20 Februari

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mimi sijambo, ila kazi imenibana. Tunawaomba wabunge wapandishe ushuru wa zipu zinazotoka nje. Kiwanda chetu cha zipu kina watu mia tatu, na hizi za nje zikiendelea kuingia kwa bei ya kutupa, kitafungwa. Jana tuliilisha hotelini kamati nzima ya wabunge inayopanga ushuru huo. Hoja nimewaandikia ukurasa mmoja, maana wa pili hawaufikii.

Picha naitafutia fremu.

Mwanao, Chiriku

9 Machi

Chiriku,

Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, roho inachemka.

Leo mafundi wenzangu wa mikoba ya shule wamenigeuzia migongo. Mimi! Niliyewafundisha nusu yao kushona mikanda ya begani! Kisha yule fundi wa kona akanitupia karatasi mezani. "Hongera, mama mheshimiwa. Umetuuza bei gani?"

Naangalia, ni mimi. Gauni la maua, cherehani, meno yote nje. Chini yameandikwa maneno makubwa kwamba sisi mafundi tunawaomba wabunge wapandishe ushuru wa zipu.

Nilisema lini? Uliniuliza habari za zipu wewe? Uliniambia, "Mama, cheka," nikacheka!

Zipu za kiwanda chenu niliziweka mwaka jana, mikoba ikanirudia imeachama kama mamba. Za nje zikipanda nitaweka nini, vifungo? Sikatai kiwanda kiishi, na hao watu mia tatu wapate kula na watoto wao. Lakini kisiishi kwa uso wangu. Na yule muuza vitambaa anapita akiniuliza kama na hiyo nayo kaiandika binti yangu!

Iondoe hiyo picha. Na uwaambie wabunge kwa kinywa chako kwamba sikusema.

Mama yako

14 Machi

Shikamoo Mama,

Nisamehe, na tafadhali punguza hasira, presha itapanda. Bosi alitaka uso wa mtu wa kawaida, nami nikajua hutakataa kitu cha kazi yangu. Karatasi zimeshagawiwa. Nikisema sasa kwamba si kweli, natimuliwa siku hiyo hiyo. Ngoja kamati imalize kusikiliza wananchi tarehe ishirini na nane, nitakuletea katoni nzima ya zipu, bure.

Mwanao, Chiriku

21 Machi

Mama,

Umenyamaza, kumbe umejiandikisha! Katibu wa kamati amenionyesha majina ya watakaozungumza. Nakusihi, usije. Kazi hii ndiyo maisha yangu.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Nimeamka vizuri, hata goti limeogopa kuuma. Zipu za bure! Yaani na mimi nihongwe, kama hao wa hotelini?

Nakuja. Tunakuja mafundi tisa kwa basi moja, na fundi wa kona kanishikia kiti cha dirishani.

Sitakutukana mbele za watu. Wewe ni wangu, na akili yako bado najisifia nayo, ndiyo maana nimewaka hivi. Ukinitangulia ukasema mama yako hakuulizwa, mimi nitakaa kimya, sitafungua mdomo, na wakikutimua utarudi kwangu tushone wote. Usiposema, nitasema. Na wakiniuliza picha nilipigwa na nani, sitaficha. Nitawaambia ni mtoto niliyemzaa mwenyewe, yule pale mwenye mafaili.

Kunywa chai kwanza, usisimame na tumbo tupu. Kaa mahali nikuone.

Gauni la maua nimeshalipiga pasi. Nitalivaa, wanitambue kabla sijataja jina. Ila safari hii sitacheka.

Mama yako