"Njoo!"

Jumatatu, 3 Juni
Hapa Mlowo baridi. Asubuhi nzima dukani kutoa kopi za vyeti, mashine imekwama mara mbili. Mchana kaja Mama Zawadi, jirani yangu, aliyemkimbia mumewe kule kijijini Ivuna kwa sababu ya kipigo. Hana simu, kuandika hajui. Kaomba nimwandikie mumewe meseji. Alisema polepole, machozi yakimlengalenga: ukitaka kumwona mtoto, njoo. Nikaandika kwa simu yangu: "Ukitaka kumwona mtoto, njoo!" Alama ya mshangao nimeiongeza mimi. Niliona inachangamsha. Nimetuma.

Jumanne, 4 Juni
Jibu limeingia saa nne. "Mnanitishia? Alhamisi nakuja. Tutaonana."
Nimeisoma tena meseji yangu kwa sauti, kama mtu mwenye hasira. Kweli. Uchokozi mtupu. Kama mtu anayekunja mikono ya shati. Nukta ingetosha. Naogopa.

Jumatano, 5 Juni
Nimetuma nyingine, yenye tafadhali na nukta mwishoni. Haijafika. Nimepiga, simu yake imezimwa. Kutwa nzima sikumwambia Mama Zawadi. Mwoga mimi.
Jioni nimemwambia. Hakunigombeza. Aliketi chini. "Dada, safari hii ataniua."
Tumekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kaahidi kuja.

Alhamisi, 6 Juni
Mume kaja saa tatu kwa pikipiki, fimbo mkononi. Mwenyekiti hajafika. Mama Zawadi na mtoto ndani kwangu, mimi mlangoni. Nikamwambia meseji niliandika mimi. Nikamtamkia maneno kama mkewe alivyoyatamka, polepole. Nikarudia.
"Alisema hivyo?"
"Hivyo hivyo, shemeji. Ule ukali ni wangu."
Akaiegemeza fimbo ukutani. Ndipo mwenyekiti akafika, anahema. Mama Zawadi akatoka. Kasema kurudi harudi. Baba aje amwone mtoto hapa, mbele ya watu. Mume kakubali. Hakufurahi. Alimpakata mtoto kidogo, mtoto akalia.

Ijumaa, 7 Juni
Mume ameondoka na basi la asubuhi. Mama Zawadi kaenda kuchuma kahawa, kaniachia mtoto. Pikipiki ikisimama nje bado nashtuka. Zawadi amelala juu ya maboksi ya karatasi. Nachapa taratibu asiamke.