Fimbo Kwanza, Mke Baadaye

Jumapili jioni, Kagarama. Mvua ilitukuta tukitoka misani na sasa hivi ndiyo inakatika, imebaki kudondoka kwenye mabati ya jirani. Nina hasira. Nilitaka kuandika kwamba nina huzuni, maana huzuni inampendeza zaidi mwanamke wa umri wangu, lakini ni hasira.

Naandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu mume wangu hasomi Kiswahili. Kuongea anaongea, kile cha kununulia nyanya. Yeye alikulia Kampala, mimi Bukoba, na wote wawili tulirudi Rwanda tukiwa watu wazima. Mimi nafundisha lugha hii sekondari. Yeye akiona aya tatu zimefuatana anaweka simu chini. Basi hapa nasema ninavyotaka.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba Faustin alistaafu mwaka jana, na binti yetu Keza ameenda kusoma nje. Nyumba imebaki na sisi wawili na friji inayonguruma. Tulikuwa tunakula kila mtu na simu yake. Siku moja akanisogezea ya kwake, akanionyesha mtu anavua samaki akiwa amekaa kwenye kayaki, kile kimtumbwi cha plastiki cha kupigwa kafi, katikati ya ziwa, kimya kabisa.

"Mama Keza," akasema, "hii tunaweza."

Tunaweza. Hakusema naweza. Neno hilo nililibeba wiki nzima, nikalifundishia, nikalipikia.

Kulikuwa na familia ya wazungu kule Kiyovu iliyokuwa inahama, ikiuza vitu vyake kabla ya kuondoka. Kwenye gereji yao tulikuta kayaki tatu zimeegemezwa ukutani. Moja ilikuwa pana, ya kukalia juu, ina matundu ya kusimamishia fimbo za kuvulia na nafasi ya kuweka ndoo. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyekundu, nzuri kama kiatu kipya. Ya tatu ilikuwa ndefu, yenye viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma.

Nikaweka mkono kwenye ile ya viti viwili. Niliweka mkono tu.

"Hiyo hapana," Faustin akasema. "Ya watu wawili mmoja anapiga kafi, mwingine anakula karanga. Kila mtu na yake ndiyo vizuri. Mimi nitachukua hii pana, wewe uko mwepesi, nyekundu itakutosha."

Nikacheka. Mwenye nyumba naye akacheka, ingawa hakuelewa kilichosemwa.

Sasa, nyie mnaotaka kuanza mchezo huu, nisikilizeni, maana somo hili nimelilipia kwa mapafu yangu. Kayaki nyembamba ni ya mbio. Inapenda mtu aliyenyooka, anayetazama mbele, asiyeinama kutafuta ndoana wala kugeuka kuchukua mnyoo. Mvuvi anahitaji kitu kipana kitakachomvumilia. Mimi sikujua hayo. Faustin alikuwa ametazama video mwezi mzima, na alijua. Nimelizungusha jambo hili kichwani kila upande, na kila nikilirudia nalikuta pale pale: alijua.

Majaketi okozi tulipewa pamoja na kayaki. La kwangu lilikuwa kubwa, na kifungo chake cha pembeni kilikuwa kimevunjika. Nikamwonyesha. Akakigeuza geuza, akapitisha kamba ya kiatu pale, akafunga fundo.

"Itakaa tu," akasema.

Jioni ile ile alikaa barazani na kisu na kipande cha sponji. Alikuwa amenunua fimbo ya kuvulia, nyeusi, nyepesi, yenye gurudumu la kukunjia mshipi linalolia kama panzi, na alikuwa amesoma mahali kwamba fimbo ikianguka majini inazama usiione tena. Akakata sponji taratibu, akailinganisha na mpini, akaifunga kwa uzi, akaifungua, akaifunga upya. Kisha akataka kuijaribu kama itaelea.

Mimi ndiye niliyemletea karai la maji. Mimi ndiye niliyelishika lisitikisike.

Ikaelea vizuri sana. Tukafurahi wote wawili.

Jumamosi ya wiki iliyopita tukaenda Ziwa Muhazi. Kayaki tulizifunga juu ya gari, na njia nzima watu walikuwa wanageuka kututazama. Kule ziwani tukaonana kwanza na wavuvi wa ushirika, Faustin akaeleza kwa adabu, wakaturuhusu kujaribu karibu na ukingo. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Nilipoingia tu nikahisi kile chombo kinanitetemekea chini ya makalio kama punda asiyenijua. Nikajiambia nitazoea.

Samaki hawakula. Mimi nilikuwa na mshipi wa mkono kama tuliotumia utotoni Bukoba, na visamaki viwili vya furu vikanihurumia. Faustin hakupata kitu. Akatupa mbali, mara mshipi wake ukanasa kwenye matete. Akavuta, wapi. Akajisogeza karibu na mimi, akanyoosha ile fimbo.

"Shika hii kidogo, nikatoe mshipi."

Nikanyoosha mkono kuipokea. Ilibaki kidogo tu niifikie, nikaegemea.

Sikumbuki kugeuka. Nakumbuka tayari niko chini, ladha ya matope, na lile jaketi limepanda hadi masikioni. Fundo la kamba ya kiatu lilikuwa limefunguka. Jaketi lilikuwa linaelea lenyewe, mimi naning'inia ndani yake kama mtoto aliyevalishwa koti la baba yake. Nilipotoa pua juu nilikuwa naona rangi ya chungwa tu. Nikalisukuma chini kwa viganja, ndipo nikamwona Faustin.

Alikuwa anapiga kafi kwa nguvu. Anaenda.

Nikadhani anazunguka. Kayaki pana haigeuki haraka, nikajiambia anachukua mzunguko aje upande wa pili. Nikamsubiri. Maji yakaniingia puani mara nyingine, nikayakohoa, nikatazama tena. Mgongo wake ulikuwa umezidi kuwa mdogo. Mbele yake, kwenye maji, kulikuwa na kijiti cheusi chenye sponji, na upepo mdogo ulikuwa unakisukuma.

Alifuata fimbo.

Aliyenitoa majini ni mwanamke mmoja nisiyemjua. Kulikuwa na mtumbwi unavusha watu kwenda ng'ambo, umepakia mikungu ya ndizi na magunia. Walimsikia mtu anakohoa, wakaja. Yule mama alinikamata kwenye ukosi, wanaume wawili wakaacha makasia wakanishika kwapani, nikavutwa ndani kama gunia, nikalazwa juu ya ndizi. Watu wakanipa pole kama wanavyosema watu wa hapa: "Ihangane, mama, ihangane." Mmoja akaivuta kayaki yangu iliyopinduka.

Yule mama akanipigapiga mgongoni hadi maji yakatoka. Kisha akainua kidevu kuelekea mbali, akaniuliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Yule wa kule, ni wako?"

Nikatazama. Faustin alikuwa ameshaipata fimbo. Alikuwa amesimamisha kafi, anafuta lile gurudumu kwa pindo la shati lake, pole pole, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

"Oya," nikajibu, yaani hapana. "Simfahamu."

Niliandika sentensi hiyo nikaifuta mara kadhaa kabla ya kuiacha hapa. Nimeolewa na mtu yule tangu nikiwa na kiuno cha kushikwa kwa mikono miwili. Nimemzika mama yake pamoja naye. Na jibu lilitoka jepesi, bila kukwama popote.

Akafika akihema, fimbo imelala mapajani. "Mama Keza! Mama Keza, uko sawa?"

Yule mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama fimbo. Akavua kitenge chake begani, akanifunika nacho. Afadhali angesema neno.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, walikuja wageni wawili, kaka yangu na mke wake. Nilipika ndizi na maharage, mwili bado unaniuma kifuani. Tulipokaa tu mezani Faustin akaanza kusimulia. Anasimulia vizuri, sikatai. Akaonyesha nilivyoinama, akaonyesha miguu yangu hewani, akatoa macho kama mimi. Kaka yangu alicheka hadi akafuta machozi.

"Sasa wewe ukafanya nini?" akamuuliza.

"Nikafikiri haraka haraka. Mke iko na jaketi, anaelea. Fimbo haina jaketi. Nikaokoa fimbo kwanza!"

Wakacheka tena. Wifi yangu alicheka huku ananitazama mimi, anatafuta kama inaruhusiwa.

Nikaweka kijiko chini.

"Fimbo ilikuwa na sponji," nikasema. "Uliifunga mwenyewe. Uliijaribu kwenye karai. La kwangu ulilifunga kwa kamba ya kiatu."

Hakuna aliyecheka. Kaka yangu akaanza kuuliza habari za Keza, yuko chuo gani vile, kuna baridi huko, maswali anayojua majibu yake yote. Wageni waliondoka kabla ya chai.

Mlango ulipofungwa nikasubiri. Kwa kweli nilikuwa tayari. Angesema neno lolote, hata kikohozi chenye majuto, ningelipokea kwa mikono miwili.

"Umeniaibisha mbele ya shemeji," akasema.

Wiki ikapita hivyo. Umeamkaje, nimeamka. Chai iko mezani, asante. Akarudi kwenye video zake. Mara moja nilimkuta anapaka mafuta lile gurudumu, akanitazama kama mtu aliyefumaniwa, akaendelea kupaka.

Jana nilimwambia naenda kusahihisha mitihani shuleni. Nikachukua pikipiki hadi Remera, nikapanda basi la kwenda Rwamagana, nikashukia njiani, nikatelemka ziwani. Pale wanapokodisha kayaki kuna dada mmoja anaitwa Diane, anafundisha wageni. Nikamwambia sitaki kuvua wala kutembezwa. Nataka kujifunza kupanda tena nikianguka, bila mtu.

Hakuuliza kwa nini. Alianza na jaketi. Akanivalisha moja, hapana. Akanivalisha lingine, hapana. La tatu akavuta mikanda hadi nikakohoa. Kisha akashika mabega ya lile jaketi akalinyanyua kwa nguvu zote, kuona kama litapanda usoni. Halikupanda. Nikasimama pale kwenye nyasi napapasa vifungo kimoja kimoja, kwa jambo dogo namna hiyo. Mtu amenifunga kifungo na akahakikisha.

Halafu akanipindua. Akanifundisha kutokupaparika, kushika chombo katikati, kulaza mwili juu ya maji na kupiga miguu kama chura hadi tumbo litue juu ya kayaki. Kisha kugeuka kwa makalio, miguu ndiyo iingie mwisho. Nilianguka nikaanguka. Nilimeza ziwa. Magoti yakachubuka. Kuna mara nilibaki nimelala kifudifudi juu ya plastiki, natukana kwa Kihaya, Diane anacheka ukingoni. Kisha mara moja nikajikuta nimekaa. Nimekaa wima, kafi mkononi, maji yananichuruzika masikioni, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa juu yangu.

Nikaomba anipindue tena, nisije nikawa nimebahatisha. Nikapanda tena.

Leo mchana, mvua ikipiga, nikamwambia Faustin kwamba sikwenda shule. Nikamwambia yote: basi, Diane, jaketi, kuanguka. Nilitaka aelewe. Nilisema kila neno pole pole, kwa Kinyarwanda, lugha tunayotumia tukiwa na jambo zito, ili lisipotee njiani.

"Sasa naweza kupanda mwenyewe," nikamaliza. "Hata kama hakuna mtu."

Uso wake ukafunguka. Sijauona umefunguka hivyo tangu siku ya lile karai. Akanishika mkono juu ya meza, akaubana.

"Safi sana!" akasema. "Umeona? Hapo sasa tumekuwa wavuvi. Hata ukianguka, mimi sitakuwa na wasiwasi tena."

Alisema kwa upendo. Namjua mume wangu, hajui kuigiza. Alisema kwa upendo kabisa, na mkono wake ulikuwa wa moto. Halafu akajiongezea maharage.

Nikabaki natafuta, katika yote niliyoyaona juu ya maji yale, ni wapi alipokuwa na wasiwasi.

Yuko sebuleni sasa, nasikia mpira kwenye televisheni. Kayaki zote mbili ziko nyuma ya nyumba, mvua imezijaza maji, nitaenda kuzimwaga kabla giza halijaingia. Nimeshamwambia Diane kwamba Jumamosi narudi. Faustin atataka kuja, naona kabisa, ameanza kuulizia minyoo.

Na huko ziwani mtu akiniuliza tena yule wa kule ni wa nani, nitamjibu nini?