Bolti ya Kumi na Tatu

Jumamosi, Usagara. Mawingu tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka.

Leo nimeogopa vibaya sana.

Mafundi wa huku tunaita bolti kwa namba ya spana. Unaingia dukani unasema nipe ya kumi na tatu, unapewa, unaondoka. Jana ndivyo nilivyofanya kwa jipu la baba, lile kuukuu la Kiingereza alilorithi kwa babu. Nilibadilisha bolti mbili zinazoshika filta ya oili kwenye injini. Spana ya kumi na tatu ilikuwa imeingia kwenye vichwa vya zile za zamani, basi sikuhangaika kulinganisha nyuzi, ile mikato inayozunguka mwili wa bolti. Mpya zilikuwa ngumu kuingia. Nikafurahi, nikadhani zimekaza.

Asubuhi baba na mama wakaondoka kwenda Sengerema kumwona mama mdogo aliyelazwa. Nikifagia gereji, nikaokota bolti moja ya zamani, nikaijaribu kwenye nati iliyokuja na zile mpya. Ikazunguka kidogo, ikagoma. Ya zamani ni ya inchi. Nilizofunga mimi ni za milimita. Vichwa vinakaribiana, nyuzi hazijuani kabisa. Ule ugumu nilioufurahia ilikuwa bolti inatafuna tundu.

Oili ikimwagika yote, injini inakufa gari likiwa mwendoni. Nikawaona wazee wangu wamezimikiwa katikati ya daraja la Kigongo, lori linakuja nyuma yao.

Baba hapokei simu akiendesha. Mama ya kwake huizika kikapuni chini ya vitenge. Nilipiga mpaka nikaanza kulia.

Mama alipopokea, walikuwa wanaingia Kigongo, hawajafika darajani.

"Shikamoo mama, mwambie baba asimame! Sasa hivi!"

Tulikwishaamkiana asubuhi. Sijui shikamoo ya pili ilitoka wapi.

Nikasikia boneti inafunguliwa. Halafu sauti ya baba: "Mwanangu, bolti moja haipo. Na huku chini kote ni oili."

Nilikaa sakafuni.

Jipu limerudi likivutwa. Injini nzima, wazazi wazima. Jumatatu tundu litachongwa uzi upya, na dukani nitakwenda na bolti ya zamani mkononi, waiguse waone. Baba hakufoka, na afadhali angefoka. Nilimwomba atafute fundi mwingine, mimi siwezi tena kuigusa injini ile.

Akanawa mikono taratibu, akasema, "Utafunga wewe. Halafu utapanda na sisi kwenda Sengerema. Usipopanda, na sisi hatupandi."

Nimeitikia. Bado naogopa, na si jipu hili peke yake.

Ni magari mangapi ya watu nimeyafunga, yakaondoka, mimi nikabaki nyumbani?