Sura Iliyoshonwa

Unguja, 6 Machi 2004

Kwa Mama Mazin wa Maskati,

Assalaam alaykum. Natumai ujumbe huu utakukuta mzima, wewe na watoto. Mimi sijambo kwa mwili, ila tangu juzi sikai nikatulia.

Nakuandikia pembeni, nje ya Baraza letu la Wasomaji, maana mambo haya si ya kuanikwa mtandaoni mbele ya watu wote wale. Unaikumbuka ile mada ya "Wewe ni msomaji wa namna gani?" Mmoja hasomi mpaka akinuse kitabu kwanza, mwengine anasoma huku anakula na kurasa zake zote zina mchuzi, yule bwana wa Toronto anaanza vitatu kwa mpigo na hamalizi hata kimoja. Nilikuwa nacheka peke yangu katika duka la intaneti. Halafu nikakuta maneno yako: "Mimi huanza kusoma mwisho, sina subira, nilizaliwa hivyo. Kitabu kimoja tu kilinishinda, kwa sababu mashoga zangu waliishona sura ya mwisho kwa uzi wa kofia."

Niliyasoma tena na tena. Mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Dunia ina watu wengi, lakini simjui mwengine aliyewahi kushonewa kitabu. Kama wewe ni Ghaliya binti Amour wa Malindi, uliyeondoka mwaka 1988 bila ya kuaga, na kitabu chetu kikiwa ndani ya kikapu chako, nijibu. Kama si wewe, nisamehe dada yangu, uyafute haya.

Kazija binti Usi, Ng'ambo

---

Maskati, 7 Machi 2004

Shoga yangu Kazija,

Wa alaykum salaam. Afya njema, alhamdulillahi, na watoto wazima. Ila naandika haraka haraka, ukiona herufi zimekosewa usinicheke.

Ni mimi. Kuaga ningeaga vipi? Baba alirudi na tiketi baada ya alasiri, magharibi tuko uwanja wa ndege. Kitabu kilikuwa kwangu kwa kuwa ilikuwa zamu yangu ya kukiweka. Nilipofika huku niliandika barua mbili. Sikujibiwa, nikajua mmenikasirikia, nami nikanyamaza. Na ukishanyamaza mwaka wa kwanza, wa pili unakuwa mgumu zaidi.

Nakumbuka kila kitu. Jamvi la ukumbini kwa kina Shahida, mmoja anasoma kwa sauti, wawili wanashona kofia, kisha tunapokezana. Na mimi kazi yangu kuchungulia mwisho, halafu uso wangu unawaambia kila kitu kabla hatujafika. Ndipo Shahida akachukua sindano na uzi wa kijani, akaishona sura nzima pande zote tatu, akasema, "Haya, chungulia sasa."

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mume wangu halijui. Kitabu kiko hapa, na uzi bado umo. Mkasi nimewahi kuushika, na nimewahi kukaa nao mpaka chai ikapoa. Lakini kile kitabu sikuwahi kukisoma kwa macho, nilikisoma kwa masikio, na sauti zenu hazikuwepo. Kwa hiyo mpaka leo sijui kama yule Zuwena wa kitabuni alimfungulia nduguye mlango.

Shahida hajambo? Mwambie ushonaji wake umenishinda.

Shoga yako, Ghaliya

---

Unguja, 20 Aprili 2004

Ghaliya,

Salamu sana. Sisi tuzima, mvua za masika zimetuandama na mtaa wetu umejaa maji.

Usidhani nimekususia tena. Ni lile swali lako la mwisho lililonikalisha kimya, kila nikikaa kujibu vidole havitaki. Shahida hatunaye. Alifariki mwaka 1996, kwa uzazi, yeye na mtoto. Nilidhani habari zilishakufikia, kumbe hukuwa na wa kukuletea. Barua zako mbili hatukuziona.

Na mimi nikwambie langu. Miaka yote nilikuwa na hakika umekisoma ndani ya ndege kabla haijapaa. Kitabu chenyewe kilitujia hakina jalada wala ukurasa wa kwanza, jina hatulijui, mtungaji hatumjui, ningekitafuta wapi chengine? Kila nikimkumbuka Zuwena amesimama nyuma ya mlango, ufunguo mkononi, na nduguye aliyemdhulumu anabisha hodi, nilikuwa nasema: Ghaliya anajua, mimi sijui. Hasira ya kitoto, lakini nimeilea mpaka ikaota mvi.

Leo unaniambia hukufungua. Wewe, uliyekuwa ukisoma hata gazeti kutoka nyuma. Nimestaajabu, Ghaliya. Nilitoka pale dukani nikapita mtaa wetu bila ya kujua, mpaka nikajikuta sokoni.

Nakitaka nikione. Uje nacho.

Shoga yako wa zamani, Kazija

---

Maskati, 2 Mei 2004

Shoga yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nimelia mpaka mwanangu akampigia simu babake kazini. Kumbe nilikuwa nazungumza na Shahida moyoni miaka yote hii, namtania, na mwenyewe hayupo. Mungu amlaze pema na mwanawe.

Shemeji yangu Samir anakuja Unguja wiki ijayo, nimempa kitabu. Kuja mwenyewe, nitakuja kwa nani? Nyumba yetu ya Malindi wanakaa watu wengine, baba na mama nimewazika huku. Nikishuka uwanjani nitamwambia dereva anipeleke wapi? Nimekuwa mgeni, hata pa kulala sina.

Fungua wewe, usome, unihadithie. Nitaridhika.

Shoga yako, Ghaliya

---

Unguja, 9 Juni 2004

Shoga,

Salamu, na pole tena. Samir kafika salama, na kitabu kimefika. Kimepauka na kinanuka udi wa nyumbani kwako.

Nilitia mkasi mkobani nikenda Mwembetanga kwa Bi Ruqaya, mamake Shahida. Nilitaka nikate mbele yake. Macho yake siku hizi hayaoni. Nikamwamkia, nikamtia kitabu mikononi bila ya kumwambia ni nini. Akapapasa ule uzi. Kidole kikaenda taratibu ukingoni, kikafika katikati, kikasimama.

"Huyu Shahida," akasema. "Hapa kafumua, karejea. Akifika katikati mkono unamkimbia. Kila siku namwambia taratibu mwanangu, hasikii."

Ghaliya, mimi nilikaa naye jamvi moja miaka, na mishono yake nisingeijua. Nikasahau hata kilichonipeleka pale.

Kofia zote alizoshona ziliuzwa, ziko vichwani mwa watu tusiowajua. Kazi ya mkono wake iliyobaki duniani ni hiyo moja. Bi Ruqaya alikiweka kitabu mapajani na mpaka naondoka hakukitoa. Mkasi nilirudi nao kama nilivyokwenda nao. Sasa nani ataukata uzi ule? Mimi siwezi.

Lakini mwisho nautaka, nisiseme uongo. Nimeandika Barazani, nimeisimulia hadithi yote mpaka pale mlangoni, nimeuliza kama kuna anayeijua. Sitarajii kitu.

Shoga yako, Kazija

---

Maskati, 25 Juni 2004

Kazija,

Hujambo? Mimi sijambo. Umeingia Barazani?

Yule bwana wa Toronto kasema anamkumbuka Zuwena, mlango wake ulikuwa wa samawati, na ni kweli, tulisahau. Bibi mmoja wa Lamu kasema alisomewa na babake alipokuwa mtoto anaumwa surua. Mwengine kutoka Tumbatu kasema kwao kilifika bila ya sura tatu za mwanzo, na mamake akawatungia za kwake. Watu wanaandika kutoka miji nisiyoijua, na kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Mimi nilidhani tulikuwa wasichana watatu na kitabu kibovu. Nilisimama nikazunguka meza, nikakaa tena, nikaendelea kusoma huku nimeweka mkono mdomoni.

Halafu Hasan wa Tanga, ambaye hajawahi kuandika neno hata moja, anatusoma tu kimya miaka yote, kasema anacho kizima. Akakaa akaipiga chapa sura yote ya mwisho, kwa kidole kimoja, akatutumia mimi na wewe.

Ujumbe wake uko mbele yangu. Ni kubonyeza tu. Sijabonyeza, Kazija. Mume wangu kauliza kwa nini naitazama kompyuta kama nimeona jini.

Wewe umeshasoma? Niambie ukweli.

Shoga yako, Ghaliya

---

Unguja, 3 Julai 2004

Shoga yangu Ghaliya,

Assalaam alaykum. Sisi sote tuzima, na Bi Ruqaya anakusalimu kwa jina lako kamili.

Sijasoma. Nilimwomba mwenye duka aifungue na kuiprinti yeye, mimi nikageukia ukutani mpaka mashine iliponyamaza. Watu walinitazama sana. Karatasi nilizipokea zikiwa zimefunikwa, nikenda nazo Mwembetanga, nikakaa kwenye jamvi, nikazishona pande zote tatu kwa uzi wa kijani. Bi Ruqaya alipitisha kidole, akasema, "Mishono mibaya, lakini imeshika." Hii ndiyo ya kukata. Ya Shahida itabaki kama ilivyo.

Uliniuliza utakuja kwa nani, na dereva umwambie akupeleke wapi. Mwambie Mwembetanga, kwa Bi Ruqaya. Keshatandika kitanda cha Shahida na anauliza kila siku utafika lini. Mkasi wa Shahida kautoa kabatini, nimeuweka juu ya karatasi.

Wala usinisifu kwa subira. Nisingeweza kusoma hata ningetaka. Tulipoachia, zamu ya kusoma ilikuwa yako.

Shogayo, Kazija